Kwa nini kifyatuo kipya hukupotezea shabaha

Mtu anayepiga upinde wa kompaundi anaweza kubadilisha mishale, lenzi, hata upinde mzima, na baada ya muda si mrefu akarudi kwenye alama zake za kawaida. Akibadilisha kifyatuo, kile chombo kidogo cha chuma kinachokaa kiganjani na kuuachia uzi, hali huwa nyingine. Mishale iliyokuwa ikijazana kwenye duara la njano, la katikati ya shabaha, inatawanyika. Wapo wanaovuta, wanalenga, wanasubiri, na hakuna kinachotokea, mpaka wanashusha upinde mikono ikiwatetemeka bila kurusha hata mshale mmoja. Wapo ambao mshale huwaondokea kabla hawajamaliza kuvuta, na ngumi yao wenyewe ikawapiga mdomoni. Haupiti muda chombo kinarudishwa kwenye boksi, na kauli ni ile ile: hiki hakinifai.

Mara nyingi kauli hiyo si ya haki. Lakini hata jibu ambalo watu hao hupewa, "endelea tu, utazoea", haliwasaidii. Ugumu wa kifyatuo kipya ni matatizo matatu yanayofika siku moja: chombo kinafanya kazi kwa namna nyingine, mkono unakaa mahali pengine usoni, na akili inanyang'anywa mamlaka ya kuamua kwamba mshale uondoke sasa hivi. Kila tatizo lina dalili zake na dawa yake. Anayelitibu la kwanza kwa dawa ya la tatu atafanya mazoezi kwa bidii huku akijizoesha makosa.

Kazi ya kifyatuo

Upinde wa kompaundi ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Ncha za upinde huo zina magurudumu ambayo mhimili wake hauko katikati, na ukifika mwisho wa kuvuta, magurudumu hayo hubeba sehemu kubwa ya uzito. Upinde ambao kuuvuta kunahitaji nguvu ya pauni 60, ambao ndio ukomo wa World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, kwa kompaundi, ukiwa na unafuu wa asilimia 80 hukuachia pauni 12 tu wakati wa kulenga. Kwa uzito huo mtu anaweza kutulia sekunde kadhaa akiitazama shabaha, jambo ambalo mwenye upinde wa kawaida hulipata kwa tabu sana.

Utulivu huo ndio ulioanika udhaifu wa vidole. Upote, yaani uzi wa upinde, ukiachiwa kwa vidole huteleza kwa kukwepa pembeni kabla ya kwenda mbele, na kila mara hukwepa tofauti kidogo. Tena upinde wa kompaundi ni mfupi, kwa hiyo uzi ukivutwa hukunjika kwa pembe kali na kuvibana vidole. Kifyatuo hushika kitanzi kidogo kilichofungwa nyuma ya mshale, mahali pamoja tu, na kukiachia kwa namna ile ile kila mara. Wazo la kutoukabidhi uzi kwa nyama ya kidole pekee ni la kale. Katika kaburi la Fu Hao, malkia na jemadari wa China aliyezikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ilipatikana pete ya gumba ya mpiga upinde iliyochongwa kwa jiwe la jade, na Waturuki wa enzi ya Uthmaniya walivuta pinde zao kwa pete za namna hiyo.

Ili kuona kwa nini kitu kidogo hivi kina uzito mkubwa, tazama vipimo. Kwenye mashindano ya nje, kompaundi hupigwa kwa umbali wa mita 50, na duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 8. Ukikosea sentimita 4 kutoka katikati, uko kwenye ukingo wa 10. Ukilipigia kosa hilo hesabu ya pembe, ni sawa na nukta ya lenzi, ile unayolengea, iliyo karibu mita moja kutoka jichoni, kusogea chini ya milimita moja. Mkono unaoshtuka wakati wa kufyatua husogea zaidi ya hapo bila mwenyewe kuhisi chochote.

Chombo chenyewe

Kwa ujumla kuna aina nne. Kifyatuo cha mkanda hufungwa kwenye kifundo cha mkono na kina triga ya kidole cha shahada. Wengi huanzia hapo, na wawindaji wengi hubaki hapo. Cha gumba hushikwa kwa vidole na kina kitufe kinachobonyezwa na gumba. Cha bawaba hakina triga wala kitufe: hufyatuka mpini wake unapozunguka. Cha mkazo nacho hakina triga. Hufyatuka nguvu ya kuvuta inapopita kiwango ulichokiweka mwenyewe. Anayehama kutoka cha mkanda kwenda cha bawaba ndiye anayetaabika kuliko wote, kwa hiyo hapo tutakaa zaidi.

Ndani ya kifyatuo cha bawaba kuna ndoano inayoshika kitanzi, na nyuma yake kuna kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Mguu wa ndoano umeegemea ukingo wa nusu mwezi huo. Mpini ukizunguka kidogo, ukingo unapita, ndoano inakosa pa kuegemea, kitanzi kinachomoka. Basi. Hakuna kitu humo ndani kinachojua kama umetumia mgongo, kifundo cha mkono au vidole.

Nasisitiza hilo kwa sababu hapa ndipo ushauri maarufu unapopotosha watu. Bawaba imezoeleka kuitwa kifyatuo cha mgongo, na anayeanza huambiwa abane misuli ya mgongo hadi mshale uondoke. Anabana. Bega linapanda, mkono wote unakakamaa, kiganja nacho kinakaza, na kwa kuwa kiganja kimekaza, mpini hauzunguki hata kidogo. Anabana zaidi. Mwishowe uvumilivu unamwishia, anakunja kifundo kwa ghafla, mshale unatua kwenye buluu, na yeye anaamini mgongo wake ni dhaifu. Mgongo una kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa: kuuweka upinde umebana kwenye ukuta, pale ambapo magurudumu yanakataa kuzunguka zaidi, na kuendelea kuvuta bila kulegea hadi mwisho. Kinachouzungusha mpini ni jinsi uzito unavyogawanyika kati ya vidole.

Wakati wa kuvuta, uzito mwingi uko kwenye kidole cha shahada, na gumba limekamata kigingi chake ili mpini usizunguke mapema. Mkono ukishatua kwenye taya, gumba linaachia. Kisha kidole cha shahada kinaanza kulegea, polepole, na uzito unahamia kwa kidole cha kati na cha pete, huku mgongo ukiendelea kuvuta. Mtazame aliyebobea kwa karibu, usimtazame upinde, mtazame mkono wa nyuma. Kifundo kimenyooka. Mgongo wa kiganja umelala bapa, hakuna mshipa uliosimama. Kinachobadilika ni rangi tu: kucha ya kidole cha shahada inarudiwa na wekundu wa damu, ya kidole cha pete inapauka. Halafu mkono unaruka nyuma kupita sikio, na yeye mwenyewe ameshtuka kidogo.

Kiwango cha mzunguko kinachohitajika hurekebishwa kwa kuuhamisha nusu mwezi. Kikiwekwa kikali, mpini ukizunguka kidogo tu mshale umeondoka; kikiwekwa kizito, lazima uzunguke sana. Watengenezaji wengi huweka pia mtaro mdogo kwenye ukingo ili ndoano itoe mlio wa "ti" kabla ya kuachia, na mlio huo humwambia mpigaji kwamba amebakiza kidogo. Wapo wanaoupenda, wapo unaowatia wasiwasi. Kwa maoni yangu, anayeanza autumie, kwa sababu unampa mahali pamoja pa kuanzia kila mara: vuta, tua, sikia mlio, ndipo uanze kulenga kwa dhati.

Mtu aliyezoea gari ambalo klachi yake inashika chini kabisa, akipewa lingine ambalo klachi inashika juu litamzimikia barabarani mbele ya watu, na hakuna atakayesema hajui kuendesha. Mguu wake unajua mahali pengine. Sehemu kubwa ya taabu ya wiki za kwanza na bawaba ni hiyo tu, na dawa yake ni marekebisho: kaza au legeza nusu mwezi kwa kiasi kidogo sana, jaribu mishale kadhaa, kisha uache. Anayekigusa kifyatuo kila baada ya mishale mitatu haupi mkono nafasi ya kujifunza chochote.

Kuna jambo jingine hapa ambalo huwa halisemwi. Uzito unaobaki mkononi wakati wa kulenga ndio unaousaidia mpini kuzunguka. Kwenye upinde wa pauni 50, unafuu wa asilimia 75 huacha pauni 12.5, wakati unafuu wa asilimia 85 huacha 7.5 tu. Kifyatuo kile kile, kikiwa na marekebisho yale yale, kitaonekana chepesi kwenye wa kwanza na kizito kama kimeshika kutu kwenye wa pili. Kwa hiyo aliyebadilisha upinde na kifyatuo kwa pamoja ana mafumbo mawili mkononi, na namshauri arudishe kimoja kwanza.

Cha gumba kina mtego wake. Watu huogopa kitufe kigumu, wanakilegeza mpaka kikiguswa tu kinafyatuka. Matokeo ni kinyume cha walichotaka. Gumba linaogopa kukigusa, linaelea hewani, na mtu anapoamua kufyatua analitupa kwa pigo moja. Kitufe kigumu kiasi, kisicho na mwendo unaosikika kabla ya kuachia, huruhusu gumba kulala juu yake kwa uzito bila hofu. Tena kitufe kikae kwenye kikunjo cha gumba, karibu na shina lake. Ncha ya gumba ina wepesi na ufundi mwingi mno. Ndiyo sehemu ambayo akili huitumia kudokoa.

Kuhusu cha mkazo, hesabu ndiyo kila kitu. Unakishikia kizuizi cha usalama kwa gumba wakati wa kuvuta, unafika ukutani, unaachia kizuizi, kisha unaongeza mvuto mpaka kifyatuke. Kama uzito unaobaki mkononi ni pauni 12, unakiweka kifyatuke kwenye pauni 15 au 16 hivi. Ukiongeza nguvu ya upinde kwa kukaza skrubu zake, uzito wa kulenga nao umepanda, na kifyatuo ambacho hukukigusa kitaanza kukurukia mara tu unapoachia kizuizi. Wengi hukilaumu chombo hapo, ilhali wamebadilisha upinde wao wenyewe. Upinde wenye ukuta laini nao hukisumbua, kwa sababu nguvu unayoiongeza inamezwa na ulaini huo badala ya kufika kwenye ndoano.

Mkono ukihama, uso unahama

Tatizo la pili halina uhusiano na ujasiri wala mazoea. Ni jiometri.

Kwenye kifyatuo cha mkanda, mvuto unatoka kwenye kifundo cha mkono na vidole viko huru. Fundo la kidole cha shahada hutua nyuma ya taya. Kwenye cha kushika kwa vidole, kiganja kinageuka, na mfupa wa taya unaingia katikati ya fundo la kidole cha shahada na la kidole cha kati. Ni mkao tofauti kabisa. Juu ya hayo, umbali kutoka ndoano hadi mahali vidole vinaposhika hutofautiana kati ya kifyatuo na kifyatuo. Upinde wenyewe unasimama pale pale magurudumu yanapogota, kwa hiyo uzi hausogei. Kinachosogea ni mkono wako, mbele au nyuma, na kiwiko kinaufuata.

Sasa mpigaji anataka mkono utue pale alipozoea kuusikia usoni. Ili aupate mguso huo, anasogeza kichwa bila kujua. Pua haigusi tena uzi, au imegandamizwa juu yake. Jicho halipo tena nyuma ya kile kitundu cha kuchungulia kilichosukwa kwenye upote. Dalili yake inaonekana kwa macho: tazama duara la lenzi kupitia kitundu, na ukiona kivuli cheusi upande mmoja, jicho lako linaingia kwa mshazari. Wengi wanaiona hali hiyo na kuivumilia, wakiinamisha shingo kidogo kila mshale. Shingo haiinami kwa kiasi kile kile kila mara.

Namna ya kulitambua tatizo hili na kulitenga na la kwanza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mishale ikitua pamoja lakini mahali pasipo katikati, tatizo ni mkao: mkono umehama na kundi zima limehama nao. Mishale ikitawanyika, tatizo liko kwenye ufyatuaji. Na hata mtawanyiko wenyewe una lugha yake. Ukiwa wa juu na chini, mara nyingi mtu analegea kutoka ukutani anaposubiri kifyatuo kiachie, mshale mmoja akiwa amebana, mwingine amelegea. Ukiwa wa kushoto na kulia, uangalie mkono unaokisokota kitanzi: kifundo kimekunjwa, au kiganja kimegeuzwa kwa nguvu ili kifanane na mkao wa zamani.

Ndiyo maana nasema lenzi isiguswe siku za mwanzo. Anayezungusha skrubu ya lenzi akifukuzia mishale iliyotawanyika anapima kitu ambacho bado hakijatulia. Kwanza tafuta mkao ambao shingo imesimama wima, pua inaugusa uzi kidogo, na mfupa wa taya una mahali pake kwenye mafundo ya vidole. Fumba macho, vuta, tua, fumbua. Kama kitundu hakipo mbele ya jicho, kisogeze kitundu, usiisogeze shingo. Ikibidi, fupisha au refusha kitanzi, au rekebisha urefu wa mvuto wa upinde. Mishale ikishaanza kutua pamoja, ndipo lenzi ipate zamu yake.

Amri ya "sasa"

Tatizo la tatu ndilo kubwa, na ndilo linalowafanya wengi wanunue kifyatuo kipya tangu mwanzo.

Nukta ya lenzi haitulii. Hata kwa bingwa inaelea, inazunguka ndani ya njano, inatoka kidogo, inarudi. Mwenye triga hujifunza mapema kuingoja ipite katikati ili afyatue. Inaonekana kama busara, lakini mwili haukuumbwa kwa kasi hiyo. Toka jicho lione jambo hadi kidole kiitikie hupita takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, na kwa muda huo nukta imeshahama. Ubongo unaligundua hilo na kuanza kuwahi: unaamuru kufyatua nukta inapokaribia, na pamoja na amri hiyo mwili mzima unajikaza kuupokea mshindo. Kosa likijirudia vya kutosha, huwa kiwewe cha shabaha. Mmoja nukta yake inagandia chini ya njano na kukataa kupanda; mwingine haiwezi kuigusa njano bila kidole kufyatua chenyewe; mwingine anashtuka na mshale hauondoki. Kiwewe hiki huwapata watu hodari. Kimekatisha safari za wapigaji wengi waliokuwa wakiupenda mchezo huu kwa moyo wote, na anayekidharau hajawahi kusimama karibu na mtu anayekipitia.

Bawaba na kifyatuo cha mkazo vinasaidia kwa sababu vinaiondoa amri. Hakuna kitufe cha kuambiwa "sasa". Kuna mchakato unaoanza na kuendelea, na wakati fulani usioujua barabara, mshale unaondoka. Mwili usiojua wakati hauna cha kujikazia. Kazi ya jicho inabaki moja, kutazama katikati, na nukta inaachwa ielee itakavyo. Wastani wa kuelea kwake ndio utakaoamua.

Hilo ni kweli, lakini watu wanauziwa nusu yake. Kifyatuo hakitibu kiwewe. Kinakupa kipindi ambacho ubongo bado haujajua pa kudokoa, na kipindi hicho huwa kitamu: mishale inaingia, mtu anafurahi, anasema dawa imepatikana. Ubongo nao unajifunza. Baada ya muda unagundua kwamba kifundo kikikunjwa kwa ghafla bawaba inaachia, na amri ya "sasa" inarudi ikiwa na mlango mpya. Ninaamini hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuwa na sanduku limejaa vifyatuo, kila kimoja kikiwa kimewahi kufanya maajabu kwa majuma machache. Kipindi hicho kitamu ndicho cha kufanyia kazi ngumu, na wengi hukitumia kupigia alama.

Kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Paris 2024, Matt Stutzman wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono, alitwaa dhahabu ya kompaundi. Anaushika na kuusukuma upinde kwa mguu, kifyatuo kimefungwa begani, na hufyatua kwa taya. Katika michezo hiyo hiyo Sheetal Devi wa India, naye aliyezaliwa bila mikono, alishinda shaba ya timu mchanganyiko, ya mwanamume na mwanamke, akipiga kwa mtindo unaokaribiana na huo. Hawa wawili wanapaswa kutazamwa na kila anayebishana kuhusu kidole gani ni bora. Mshale haujui umeachiwa na kiungo gani. Unajua tu kama mvuto uliendelea hadi mwisho, na kama kiungo kile kilifanya jambo lile lile bila papara.

Kuanza upya bila kuumia

Anza bila upinde. Chukua kamba imara, ifunge iwe duara la urefu unaolingana na mvuto wako, mkono wa mbele ushike upande mmoja kama unavyoshika upinde, kifyatuo kishike kitanzi upande wa pili. Hapo utavuta, utatua tayani, utalegeza kidole cha shahada, na kamba itaachia bila madhara. Usithubutu kujifunzia hatua hii kwa upinde usio na mshale: kompaundi ikifyatuliwa tupu, nguvu yote inarudi kwenye sehemu zake zinazopinda na magurudumu yake, na vinaweza kupasuka mbele ya uso wako.

Mkono ukishaielewa kamba, punguza nguvu ya upinde kadiri skrubu zake zinavyoruhusu na usimame hatua chache tu kutoka kwenye boma la mishale, yaani kile kinachoipokea mishale, bila karatasi ya shabaha. Fumba macho baada ya kuhakikisha mshale umeelekea bomani. Hapa hakuna alama, hakuna njano, hakuna nukta ya kukimbizana nayo. Kuna mkono wa nyuma peke yake. Ni mazoezi yanayochosha akili kwa kukosa msisimko, na watu huyaruka, lakini ndiyo mahali pekee ambapo mwili unaweza kujifunza mwendo mpya bila jicho kuuvuruga. Baadaye weka shabaha kubwa kwa umbali mdogo, kisha urudi nyuma kidogo kidogo. Siku amri ya "sasa" ikijitokeza tena, rudi kwenye umbali ambao haikuwapo na uendelee kutoka hapo.

Kuvuta kwa bawaba ndiko kunakohitaji tahadhari kuliko yote. Gumba likamate kigingi, kidole cha shahada kibebe uzito, mshale uelekee bomani tangu mwanzo hadi mwisho, na mkono wa nyuma usipite mbele ya mdomo. Usianze kulegeza chochote mpaka umetua. Anayevuta kwa kuutupa mkono juu kisha kuushusha anaweza kupeleka mshale nje ya uwanja mpini ukizunguka kabla ya wakati, na kanuni za mashindano haziruhusu kuvuta kwa namna hiyo.

Jifunze pia kushusha. Kama mshale haujaondoka ndani ya sekunde nane au kumi hivi, macho yameanza kuchoka na misuli inatafuta njia ya mkato. Rudisha gumba kwenye kigingi, rudisha uzito kwenye kidole cha shahada, shusha upinde ukiwa bado umeelekea bomani, pumua, anza tena. Ukijua unaweza kushusha wakati wowote, unapungukiwa na sababu ya kulazimisha. Katika mazoezi, mshale ulioshushwa kwa wakati uhesabiwe kuwa mshale mzuri.

Mashindanoni saa hubadilisha kila kitu. Kwenye pambano la mmoja mmoja ambalo wapigaji hupokezana, kila mshale una sekunde 20. Bawaba ambayo mazoezini ilikuwa ikichukua sekunde 12 baada ya kutua haina nafasi ya kushusha na kuanza upya, na upepo ukivuma kwenye mita 50, kungoja kifyatuo kinachoamua chenyewe kunaweza kukufyatulia mshale wakati upepo umekushika vibaya. Ndiyo sababu wapigaji wengi hodari hufanya mazoezi kwa bawaba, kisha hushindana kwa cha gumba wakikiendesha kwa mwendo ule ule wa mgongo na vidole. Wengine hubeba vyote viwili. Kanuni hazizuii hilo, maadamu kifyatuo ni cha kimakanika tu, hakina umeme na hakijaunganishwa na upinde. Kwa kuwa kompaundi inaingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, katika tukio la timu mchanganyiko, wageni watakaouingia mchezo huu wakiwa na maswali haya watakuwa wengi.

Wakati wa kubadilisha nao una maana. Msimu wa mashindano si mahali pake. Subiri msimu uishe, na kama unaweza, azima cha mwenzako kabla ya kununua, kwa sababu mikono haifanani. Mwenye vidole vifupi kwenye mpini wa vidole vinne huishia kuning'inia kwenye kidole kidogo, na mpini unajizungusha wenyewe. Huyo atafute cha vidole vitatu. Mpini mwembamba mno nao humlazimisha mwenye kiganja kikubwa kukunja ngumi, na ngumi iliyokunjwa haizungushi kitu.

Kisha, kabla ya kukifungua kile kipya, andika ulivyo sasa: kitundu kiko umbali gani kutoka kwenye kitanzi, kitanzi kina urefu gani, lenzi iko kwenye namba ipi kwa kila umbali, skrubu za upinde zimezungushwa mara ngapi. Piga na picha ya upande ukiwa umevuta, kiwiko na taya vionekane. Ukiamua baadaye kurudi kwenye kifyatuo cha zamani, virudishe vyote hivyo, maana cha zamani juu ya upinde uliorekebishiwa kipya kitakutawanyia mishale vile vile.